UZI: Pesa zetu za pensheni zinanunua nini, na nani anaumia? Tuulize kabla ya mkutano mkuu

MwakilishiWetu

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, someni kwa nafasi yenu. Msimu wa mikutano mikuu ya mifuko ya pensheni unakaribia, na wengi wetu tutakaa ukumbini, tutaonyeshwa chati za faida, tutapiga makofi, tutakula chakula cha mchana na kwenda zetu. Mwaka huu naomba tuulize swali moja zaidi.

Mimi ni mdhamini, yaani mmoja wa wanaosimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, niliyechaguliwa na wanachama katika mfuko wa pensheni wa mahali ninapofanya kazi hapa Nairobi. Si mwanasheria, wala si meneja wa uwekezaji. Haya ni maoni yangu mwenyewe, mfuko haumo.

Swali ni hili: makato yetu yakinunua hisa za kampuni inayofurusha watu bila utaratibu, au inayolinda mashamba yake kwa walinzi wanaopiga wanakijiji, ni kazi ya nani kuuliza? Mimi nasema ni kazi ya wadhamini. Na kwa nilivyoona ndani ya vikao, wadhamini hawataiuliza kampuni lolote mpaka wanachama wawaulize wao kwanza.

Tuanze na ukubwa wa pesa zenyewe. Mali za mifuko ya pensheni nchini zimevuka shilingi trilioni 2. Karibu nusu imewekwa kwenye bondi na hati za Hazina ya Taifa, na zilizobaki zimegawanyika kwenye hisa, ardhi na majumba, akiba za benki, mifuko ya kampuni za bima na kadhalika. Januari 2023 ulikuwa unakatwa shilingi 200 za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anaweka 200 zake. Sheria ya NSSF ya 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari mwaka huo tukahamia asilimia 6 ya mshahara, mwajiri naye asilimia 6, na kufikia Februari 2025 anayelipwa 72,000 na zaidi alikuwa anakatwa 4,320 kila mwezi. Watumishi wa serikali nao wana mfuko wao mpya tangu Januari 2021, wanachanga asilimia 7.5 na serikali inaweka 15. Pesa nyingi namna hii zikiuliza swali, mkurugenzi wa kampuni hawezi kujifanya hakusikia.

Sasa twende Muthurwa.

Wengi wakisikia habari ya pensheni na haki za binadamu huwaza mifuko mikubwa ya Norway na Uholanzi. Mimi kesi ninayoiona nzito kuliko zote ilitokea hapa hapa, mwendo wa miguu kutoka stesheni ya reli. Nyumba za Muthurwa zilikuwa za shirika la reli. Mwaka 2006 mali kadhaa za shirika, na Muthurwa ikiwemo, zilihamishiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli ili zizalishe pesa za kuwalipa wastaafu. Hakuna anayeweza kulaumu nia hiyo. Mstaafu wa reli aliyefanya kazi miaka 30 ana haki ya kulipwa.

Julai 2010 wapangaji wakapewa notisi ya siku 90 wahame. Wakazi waliieleza mahakama kwamba ubomoaji ulianza hata kabla ya siku hizo kuisha, na kwamba huduma za maji na usafi ziliguswa watu wakiwa bado ndani. Fikirieni ploti yenye familia nyingi, watoto na wazee, halafu maji hakuna na choo hakuna. Wakaenda Mahakama Kuu, ombi nambari 65 la 2010. Wadhamini wakajitetea kwamba wao ni mfuko wa pensheni, wenye wajibu kwa wastaafu, na kwamba mali ni yao.

Hukumu ilitoka Agosti 2013. Mahakama haikusema wapangaji wakae milele, na haikuunyang'anya mfuko mali yake. Ilisema kwamba haki zilizo kwenye Katiba zinamfunga kila mtu, kama Kifungu cha 20 kinavyosema, na mfuko wa pensheni haujaachwa nje. Ikaona kwamba haki ya makazi ya watu wale ilikiukwa kwa namna walivyokuwa wakiondolewa. Ikaagiza wadhamini wakae chini na wakazi wapange pamoja jinsi ya kuhama, na ikamtaka Mwanasheria Mkuu aeleze serikali ina sera gani kuhusu kuwafurusha watu.

Kwa hiyo nikiambiwa kikaoni kwamba "sisi ni pensheni, haki za binadamu ni kazi ya mashirika ya kijamii", jibu langu ni Muthurwa. Mahakama ya nchi hii ilishawaambia wadhamini wa mfuko wa pensheni, hapa Nairobi, kwamba wajibu kwa mstaafu hauondoi wajibu kwa binadamu mwingine.

Pale Muthurwa mfuko ulikuwa mwenye nyumba wa moja kwa moja. Mara nyingi tunakuwa wenye nyumba kwa mbali, kupitia hisa. Oktoba 2023 nyumba zilibomolewa Mavoko, Athi River, kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya East African Portland Cement. Wengi tuliona picha: maghorofa, mabati, watu wamekaa juu ya magodoro barabarani. Wachache walikumbuka kwamba asilimia 27 ya kampuni hiyo ilikuwa mikononi mwa NSSF. Hazina ya Taifa ilikuwa na kama robo. Yaani zaidi ya nusu ya kampuni ilikuwa ya umma, na zaidi ya robo ilitokana na makato ya wafanyakazi, bila shaka wakiwemo baadhi ya waliobomolewa.

Mfano wa tatu, kisha ninyamaze niwasikie. Kakuzi, kule Makuyu, iko kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2020 watu 79 walikuwa na madai mahakamani Uingereza dhidi ya kampuni mama, Camellia, wakisema walinzi wa shamba waliwapiga na kuwabaka watu, na kwamba kuna aliyeuawa. Gazeti la Sunday Times lilipoandika Oktoba mwaka huo, Tesco ikasimamisha ununuzi wa maparachichi. Februari 2021 Camellia ikakubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai. Kakuzi ikaanzisha utaratibu wa kupokea malalamiko na kamati huru ya kushauri kuhusu haki za binadamu, ikiongozwa na Jaji Mkuu wa zamani Willy Mutunga. Msukumo ulitoka kwa duka la chakula la Uingereza. Kwa nini usingetoka kwa wenye hisa wa hapa, ambao wako saa moja na nusu kutoka lango la shamba?

Ninachotaka tudai si kikubwa. Kila mfuko kisheria lazima uwe na sera ya uwekezaji iliyoandikwa, na ipitiwe angalau kila baada ya miaka mitatu. Iingizwe ibara ya haki za binadamu humo. Wanachama wapewe orodha ya kampuni na mali tulizonunua, kwa majina, si chati ya duara tu. Na kuwe na mahali ambapo mtu aliyeumizwa na kampuni yetu anaweza kutuandikia na akajibiwa.

Karibuni.

Hesabu_Kwanza

Ndugu MwakilishiWetu, nakuheshimu na nimesoma yote. Lakini mimi ni mhasibu na nimebakiza miaka michache nistaafu. Sikuchanga ili niwe shirika la haki. Nilichanga ili nipate kodi ya nyumba na dawa nikiwa na miaka 70. Mdhamini ana jukumu moja, kunikuzia pesa. Akianza kuchagua hisa kwa huruma, nikipata hasara ataniambia nini? Soko letu lenyewe ni dogo, ukitoa hizi na zile utabaki na nini?

MwakilishiWetu

Ndugu, hoja yako ndiyo yenye uzito kuliko zote na sitaipita juu juu.

Wanasheria wa pensheni wakitaka kuwanyamazisha wadhamini huleta kesi ya wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, ya 1984. Wadhamini wa chama cha wafanyakazi, wakiongozwa na Arthur Scargill, walitaka mfuko wao usiwekeze nje ya nchi wala kwenye mafuta na gesi, kwa sababu vinashindana na makaa. Jaji akakataa, akasema maslahi ya kifedha ya wanachama ndiyo yanayotangulia. Ni sawa. Lakini jaji huyo huyo alikubali kwamba wanachama wote wakiwa na msimamo mmoja wa kimaadili, tuseme dhidi ya pombe au silaha, huenda faida inayotokana na vitu hivyo isiwe faida kwao. Nusu hii ya pili haisomwi sana kwenye semina.

Na sheria haikusimama 1984. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi kuhusu mifuko ya wafanyakazi wa serikali za mitaa. Serikali ilikuwa imeikataza kususia kampuni kwa namna inayopingana na sera ya nje ya nchi. Kwa majaji watatu dhidi ya wawili, katazo likaanguka. Sababu moja niliyoipenda sana ni kwamba pesa zile si za serikali, ni za wafanyakazi, ni sehemu ya malipo yao ya kazi. Afrika Kusini nayo tangu 2011 kanuni zao za mifuko, zile za Regulation 28, zinamtaka mdhamini kabla ya kuwekeza aangalie kila jambo linaloweza kugusa faida ya muda mrefu, na zinataja wazi mambo ya mazingira, jamii na utawala wa kampuni.

Sasa tuongee hasara, maana wewe ni mtu wa hesabu.

Lonmin, Marikana. Kampuni ya madini ya platinamu iliyoahidi kuwajengea wafanyakazi nyumba 5,500. Tume ya Farlam ilikuta zimejengwa tatu, tena za maonyesho. Agosti 16, 2012 polisi wakawaua wachimbaji 34 waliokuwa kwenye mgomo. PIC, shirika linalosimamia pesa za pensheni za wafanyakazi wa serikali ya Afrika Kusini, lilikuwa miongoni mwa wenye hisa na likaendelea kuongeza. Mwaka 2019 Lonmin ikanunuliwa na Sibanye kwa sehemu ndogo sana ya thamani iliyokuwa nayo siku zake nzuri. Bei ya platinamu ilichangia, sikatai. Lakini mdhamini aliyeuliza mapema "zile nyumba ziko wapi?" angejua jambo kuhusu kampuni ile ambalo vitabu vya hesabu havikumwonyesha.

Hapa kwetu kuna Amu Power, mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu. Centum, kampuni ya uwekezaji iliyo kwenye soko letu la hisa, ilikuwa na sehemu yake. Watu wa Lamu walilia kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba bahari na uvuvi wao vitaharibika. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, wananchi kutoshirikishwa. Novemba mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa. Mwenye hisa aliyewapuuza wavuvi alipuuza pia pesa yake.

Kuhusu udogo wa soko uko sahihi, na ndiyo maana sisemi tuuze hisa kila tukikasirika. Ukiuza, ananunua mwingine asiyejali na sauti yako imekwisha. Mimi ningeanza na barua, halafu kura kwenye mkutano mkuu wa kampuni, halafu kukataa kumrudisha mkurugenzi anayetupuuza. Kuuza kuwe mwisho.

Fundi_AthiRiver

Mimi nilipiga plasta kwenye nyumba za Mavoko, nazifahamu vyumba kwa vyumba. Naweka akiba ya Haba Haba ya NSSF, 25 kwa siku, kwa hiyo na mimi ni mwanachama. Lakini nikuulize mdhamini, bila ubishi. Kampuni ilikuwa na hati na mahakama imesema hivyo. Watu waliuziwa na matapeli. Sasa kosa la mwenye hisa liko wapi? Si wangemshika aliyewauzia?

MwakilishiWetu

Fundi, aliyewauzia ashikwe, hilo halina mjadala. Na sisemi kampuni haina haki na ardhi yake.

Ninachouliza ni namna watu wanavyoondolewa. Sheria ya Ardhi ilirekebishwa 2016 ikaeleza jinsi ya kumwondoa mtu hata kama amekaa pasipo haki: notisi ya maandishi ya miezi mitatu, maafisa wajitambulishe, heshima na usalama wa watu vilindwe, pawe na hatua maalumu kwa watoto, wazee na wenye ulemavu, na mwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza kubomoa mwenyewe na kuokoa mali yake. Wewe ni fundi, unajua kipengele hicho cha mwisho kina maana gani kwa pesa. Mabati, milango, madirisha ya chuma, nyaya, matangi, hata mawe. Mtu akipewa nafasi anaondoka na kitu cha kuanzia. Buldoza likipita anaondoka na godoro.

Halafu kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2021, kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Wilson waliobomolewa 2011. Mahakama ilikubali kwamba watu walioweka makao kwenye ardhi ya umma, hata wasipokuwa na hati, wanaweza kupata haki ya makazi inayolindwa. Portland si ardhi ya umma kwa maana hiyo, lakini mwelekeo wa sheria zetu unaonekana.

Mwenye asilimia 27 si mtazamaji. Anaweza kuiandikia bodi: kabla hamjapeleka mashine, tuonyesheni mpango wa kuhamisha watu, tuonyesheni notisi, tuonyesheni shule zilizomo humo. Barua ya ukurasa mmoja.

MamaUmoja

Wadogo zangu, mnaongea haki za watu wa mbali na haki yetu sisi imekaliwa. Nilifanya kazi mahali fulani miaka mingi, peslipi kila mwezi inaonyesha makato ya pensheni. Nilipoomba taarifa yangu ya uanachama nikakuta mapengo, miezi imeruka. Makato yalikatwa lakini hayakufika kwenye mfuko. Nimeenda ofisi, nimeambiwa nirudi wiki ijayo, nimerudi. Haki za binadamu zianzie hapo.

MwakilishiWetu

Pole sana mama. Na uko sahihi kabisa, sina la kubishia. Hifadhi ya jamii ni haki iliyo kwenye Kifungu cha 43 cha Katiba, kwenye orodha moja na makazi, maji na afya. Mwajiri anayekata na asipeleke anachukua mali ya mtu, hata akiita ni deni lililochelewa. Kaunti na mashirika kadhaa ya umma yana malimbikizo ya mabilioni kwa mifuko, na kila mwezi unaopita bila pesa kufika ni mwezi ambao pesa hiyo haikuzaa chochote.

Fanya hivi kama hujafanya. Chukua peslipi za miezi iliyoruka, zipige kopi, ziambatanishe na taarifa ya uanachama, andika barua kwa wadhamini na nakala kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni. Omba kila kopi igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri hupotea kwa urahisi sana.

Ila sitaki tuzitenganishe hizi haki mbili. Mfuko ambao wadhamini wake hawajui mwajiri amechelewesha miezi mingapi ni mfuko ule ule ambao wadhamini wake hawajui wamenunua nini. Tatizo ni moja, hakuna anayewauliza.

Mwalimu_Mstaafu

Nimefundisha historia, niruhusuni niongeze kidogo. Vijana wengi hawajui kwamba pesa za pensheni zilikuwa silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Mwaka 1977 mchungaji Leon Sullivan, aliyekuwa kwenye bodi ya General Motors, alitunga masharti kwa kampuni za Marekani zilizokuwa zikifanya kazi kule. Baadaye watu wakaona masharti hayatoshi. Mwaka 1986 jimbo la California likapitisha sheria ya kuondoa pesa za mifuko yake ya umma, pamoja na pensheni, kwenye kampuni zilizokuwa na biashara Afrika Kusini. Ni pesa za walimu na makarani. Mandela alipofika Oakland Juni 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani, aliwashukuru watu wa eneo lile kwa kusimama na wenzao.

Sasa kama mwalimu wa California alijali mtoto wa Soweto, mwalimu wa Dagoretti anashindwa nini kujali mtoto wa Mavoko?

Karani_Kaunti

Asante Mwalimu. Lakini mbona Norway nao wamerudi nyuma? Nilisoma wameacha kutoa kampuni kwenye mfuko wao kwa sababu za maadili.

MwakilishiWetu

Shikamoo Mwalimu, na asante.

Karani, si kwamba wameacha. Mfuko wa Norway una Baraza la Maadili tangu 2004, linachunguza kampuni na kupendekeza zitolewe. Agosti 2025 walitoa Caterpillar (kampuni ya mashine nzito) na benki tano za Israeli, kwa sababu ya Gaza na Ukingo wa Magharibi. Marekani haikufurahi. Novemba bunge lao likasimamisha utaratibu wa kutoa kampuni huku kanuni zikipitiwa upya. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba kazi hii ina gharama ya kisiasa hata kwa tajiri, na kwamba kanuni zisipokuwa na mizizi kwa wenye pesa, wanasiasa huziondoa wakati zinapohitajika. Kwa hiyo mizizi ianze kwa wanachama.

Na msidhani Caterpillar haituhusu. Kanuni zetu zinaruhusu mfuko kuweka hadi asilimia 15 nje ya nchi, na njia ya kawaida ni kununua kifurushi kinachofuata soko lote la dunia. Ndani ya kifurushi kuna kila kampuni kubwa, za dawa, za mafuta, za silaha.

Karani_Kaunti

Na BAT ya sigara je? Na EABL ya bia? Wazee wa kanisa letu wanasema hizo ndizo za kwanza kuondolewa.

MwakilishiWetu

Hapo mimi na wazee tunaachana kidogo. Pombe na sigara ni suala la maadili ambalo wanachama wanaweza kulipigia kura, na mfuko wa kanisa au wa msikiti una haki ya kuzikataa. Lakini kampuni ya bia inayowalipa wafanyakazi vizuri na kulipa wakulima wa mtama kwa wakati haijamvunjia mtu haki. Kampuni ya chai au ya maua, zenye bidhaa isiyo na dhambi yoyote, zinaweza kuwa na msimamizi anayedai ngono ndipo mama apate kazi ya kibarua. Mimi naanza na yule mama.

Kijana_Rongai

Mkuu umekwepa kubwa. Umesema karibu nusu ya pesa ziko kwa bondi za serikali. Mwaka 2024 tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu watu 60 waliouawa kwenye maandamano. Hiyo serikali tunaikopesha sisi. Utaiandikia barua?

MwakilishiWetu

Swali gumu, kijana, na nitakujibu kama ninavyoliona.

Bondi haina kura. Mwenye hisa anaingia mkutanoni, mwenye bondi anasubiri riba. Tena shilingi ya bondi ikiingia Hazina haina jina, inalipa daktari wa Kenyatta na inalipa risasi. Mifuko yetu haiwezi kuondoka kwenye bondi bila kuwaumiza wastaafu wenyewe, kwa sababu hakuna pengine pa kuweka pesa nyingi hivyo hapa nchini. Kwa hiyo sitakuahidi kususia bondi.

Lakini kuna mahali serikali inakuja kwetu ikitaka pesa kwa mradi maalumu, na hapo tuna nguvu. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, NSSF imeingia ubia na China Road and Bridge Corporation, na faida itatoka kwenye ada ya barabara. Huo ni mradi wenye jina na ramani. Anayeuza viazi kandokando ya barabara, mwenye ploti inayoguswa, kibarua atakayeumia kazini, wote wanaweza kutajwa kwenye mkataba kabla ya shilingi kutoka. Nataka wawakilishi kwenye bodi ya NSSF, wa COTU (wafanyakazi) na wa FKE (waajiri), waulizwe hadharani: fidia imelipwa kwa nani, na mwenye malalamiko apeleke wapi?

Hilo la malalamiko nalisisitiza kwa sababu ya Olkaria. Mwaka 2014 jamii za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa umeme wa mvuke wa KenGen. Walipoona hawakutendewa haki walilalamika kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kwa sababu wakopeshaji hao wana ofisi za kupokea malalamiko. Kukawa na usuluhishi na makubaliano 2016. KenGen iko kwenye soko la hisa tangu 2006 na mifuko yetu imenunua hisa zake. Lakini mzee wa Olkaria alilazimika kuandika barua hadi Washington na Luxembourg. Hapakuwa na mlango wa mwenye hisa wa Nairobi wa kugonga.

Hesabu_Kwanza

Nimesoma tena jibu lako la Lonmin. Bado nataka faida yangu, lakini orodha ya tulichonunua nitaidai, hilo hata mhasibu analitaka. Niandikie maneno ya kupeleka mkutanoni, mafupi.

MwakilishiWetu

Asante ndugu. Nakili haya, badilisha jina la mfuko:

"Kwa Wadhamini. Mimi ni mwanachama nambari ____. Naomba mkutano mkuu uelezwe: (a) orodha kamili ya hisa, mali na vifurushi vya nje tulivyokuwa navyo mwisho wa mwaka wa fedha, (b) kama sera yetu ya uwekezaji inamtaka meneja achunguze haki za binadamu kabla ya kununua, na ibara yenyewe isomwe, (c) mfuko ulipigaje kura kwenye mikutano ya kampuni tulizo na hisa zake, (d) mwajiri amechelewesha makato ya miezi mingapi. Naomba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano."

Ipeleke mapema kabla ya siku ya mkutano, iingie kwenye ajenda. Swali la kushtukiza ukumbini hujibiwa "tutalifuatilia". Na kama mfuko wenu ni ule ambao kila mtu ana akaunti yake, nusu ya wadhamini wanatakiwa wawe wamependekezwa na wanachama. Watafuteni kwa simu, ni watu wenu.

Ipo (c) ambayo wengi hawaijui. Mara nyingi kura ya mfuko hupigwa na meneja wa uwekezaji, au haipigwi kabisa. Hiyo ndiyo ningeanza nayo kama muda wa maswali ni mfupi.

MamaUmoja

Na sisi tuliotoka kazini lakini pesa bado iko kule, tunaruhusiwa kuuliza?

MwakilishiWetu

Mnaruhusiwa mama. Pesa yako ikiwa bado ndani, wewe bado ni mwanachama, na mwaliko wa mkutano unapaswa kukufikia. Mara nyingi haufiki kwa sababu anwani waliyo nayo ni ya ofisi ya zamani. Kesho wapigie wasimamizi wa mfuko, wape nambari yako ya simu ya sasa, na ukiwa kwenye laini hiyo hiyo waulize tarehe ya mkutano.